Wati Ngapi? Somo la Waya Unaopata Moto Katika Sigara ya Kielektroniki

Katika chumba cha walimu cha shule moja ya sekondari, mwandishi wa makala haya alionyeshwa kifaa kidogo cha chuma, kirefu kama kiganja cha mkono, ambacho mwalimu wa zamu alikuwa amemnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kilikuwa sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wa mijini huiita vepu. Ubavuni mwake palikuwa na kioo kidogo chenye tarakimu, na vitufe viwili, kimoja cha kupandisha na kimoja cha kushusha. Juu ya koili yake paliandikwa: 1.2 Ω, 10–15 W. Walimu waliokuwapo walikuwa wakijadiliana juu ya adhabu. Mwalimu wa fizikia aliuliza jambo jingine: je, kijana huyu anajua tarakimu hizi zina maana gani? Kijana aliitwa, akaulizwa. Akajibu kwamba wenzake walimwambia kuwa wati zikizidi moshi huzidi, basi yeye alizipandisha mpaka mwisho.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu lina hatari. Makala haya hayakusudii kumfundisha mwanafunzi kuvuta. Nikotini iliyomo katika vimiminika vingi vya aina hii huleta uraibu upesi, na ubongo wa kijana, ambao huendelea kukua hadi umri wa karibu miaka 25, hudhurika nayo kuliko ubongo wa mtu mzima. Asiyevuta hana sababu yoyote ya kuanza. Lakini kifaa kimekwisha kuingia mifukoni mwa vijana, na ndani yake zimo Sheria ya Ohm, Sheria ya Joule na kemia ya betri. Mwalimu akilikwepa somo hili, litafundishwa na wasiolijua.

Utambi na waya

Wazo la kifaa hiki si jipya sana. Mmarekani Herbert A. Gilbert alipewa hataza ya sigara isiyo na tumbaku wala moshi mwaka 1965, lakini haikupata soko. Kifaa kilichoenea duniani kilitokana na kazi ya mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003. Muundo wa vifaa vya siku hizi ni sahili. Kuna betri; kuna waya mwembamba uliosokotwa kuwa koili; na kuna pamba iliyogusana na koili hiyo, ambayo hunyonya kimiminika kutoka katika kikombe. Kimiminika chenyewe ni mchanganyiko wa glaiseroli na propilini glikoli, pamoja na viungo vya kuleta ladha na, mara nyingi, nikotini. Mtu akibonyeza kitufe, mkondo wa umeme hupita katika waya, waya hupata moto, kimiminika kilicho karibu nao hugeuka mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa baridi huwa ukungu. Kile ambacho watu hukiita moshi ni ukungu wa matone madogo sana.

Msomaji aliyekulia katika nyumba yenye kandili atakuwa amekwisha kuutambua muundo huu. Pamba ni utambi. Katika kandili, mafuta hupanda katika utambi kwa kasi yake, na mwali huyatumia kwa kasi yake. Maadamu mafuta yanapanda upesi kuliko yanavyotumika, utambi wenyewe hauungui. Yakipungua, au utambi ukiinuliwa kupita kiasi, kioo huingia masizi na hatimaye utambi hugeuka mkaa. Kitufe cha wati ndicho kile kigurudumu cha kandili cha kuinulia utambi.

Tuongeze mfano wa jikoni. Sufuria yenye maji juu ya jiko la mkaa haipiti nyuzi 100 za Selsiasi, hata ukipuliza moto namna gani; moto ukizidi, maji huchemka kwa kasi zaidi tu, na halijoto hubaki pale pale. Maji yakikauka, sufuria ile ile juu ya moto ule ule huungua kwa dakika chache. Moto haukuongezeka. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kikichukua joto. Basi mwanafunzi ashike jambo hili tangu mwanzo: wati hutueleza joto linaingia kwa kasi gani, lakini halijoto ya waya hutegemea pia joto hilo linaondoka kwa kasi gani.

Hesabu ya wati

Georg Ohm alichapisha sheria yake mwaka 1827: volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. James Joule alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba joto linalozalishwa katika waya kwa kila sekunde hulingana na ukinzani mara mkondo wa kipeo cha pili. Tukiziunganisha tunapata uwezo, yaani kasi ya kutumia nishati, kwa njia hizi:

P = VI = I²R = V²/R

Seli ya lithi ya aina inayotumika katika vifaa hivi huwa na volti 4.2 ikiwa imejaa, na karibu volti 3.3 inapokaribia kwisha. Tuichukue koili ya yule kijana, yenye omu 1.2, tuiunge moja kwa moja na seli iliyojaa. Mkondo ni 4.2 ÷ 1.2 = ampea 3.5, na uwezo ni 4.2 × 3.5 = wati 14.7. Seli ikikaribia kwisha, mkondo ni ampea 2.75 na uwezo ni wati 9.1 tu. Msomaji aone: volti zimepungua kwa kiasi kidogo zaidi ya moja ya tano, lakini wati zimepungua kwa zaidi ya moja ya tatu, kwa sababu volti zimo katika kipeo cha pili.

Vifaa vya kwanza vilifanya kazi hivyo, na nguvu yao ilififia kama tochi. Vile vyenye kioo na vitufe vina sakiti ndogo ndani inayopandisha au kushusha volti ili wati zilizochaguliwa zisibadilike. Hapa wengi hukosea wakidhani kuwa betri nayo haioni mabadiliko. Sivyo. Ukitaka wati 15 kutoka katika seli yenye volti 4.2, seli hutoa ampea 3.6. Ukitaka wati hizo hizo 15 volti zikiwa zimeshuka hadi 3.3, seli lazima itoe ampea 4.5, na zaidi kidogo kwa sababu sakiti yenyewe hupoteza sehemu ya nishati. Kwa hiyo betri hufanya kazi ngumu zaidi wakati ule ule ambapo imechoka.

Omu zile zile, moto si ule ule

Swali ambalo wanaoanza huuliza ni hili: koili yangu ina omu kadhaa, niweke wati ngapi? Swali hilo halina jibu, na inafaa darasa lione kwa nini.

Tuchukue waya wa nikromu, ambao ni aloi ya nikeli na kromi, yenye ukinzani mahsusi wa karibu 1.1 × 10⁻⁶ omu-mita. Ukiwa na kipenyo cha milimita 0.25, mita moja ina omu 22.4, na ili kupata omu 1.2 tunahitaji sentimita 5.4. Ukiwa na kipenyo cha milimita 0.4, mita moja ina omu 8.75 tu, na kwa omu 1.2 tunahitaji sentimita 13.7. Kwa mita ya kupimia umeme koili hizi mbili ni sawa kabisa. Sasa tupime ngozi ya kila waya, yaani eneo la nje ambalo kwalo joto hutoka. Waya mwembamba una milimita za mraba 42. Waya mnene una 172. Tukizipa zote mbili wati 15, kila milimita ya mraba ya waya mwembamba hutoa wati 0.36, na ile ya waya mnene hutoa wati 0.09. Tofauti ni mara nne.

Wenye kupenda aljebra watagundua kwamba, ukinzani ukiwa haubadiliki, urefu wa waya hukua kama kipenyo cha kipeo cha pili, na eneo la nje hukua kama kipenyo cha kipeo cha tatu. Ni matokeo mazuri ambayo vitabu vingi vya kiada huyapita bila kuyataja, ingawa fundi anayesuka upya waya wa jiko la umeme huyakuta kila siku.

Ndiyo sababu mtengenezaji huandika wati juu ya koili pamoja na omu. Anajua unene wa waya, anajua idadi ya mizunguko, anajua pamba yake inanyonya kwa kasi gani. Wati 10 hadi 15 maana yake ni kwamba chini ya 10 waya haupati moto wa kutosha kugeuza kimiminika kuwa mvuke, na juu ya 15 pamba haiwezi kuufikishia kimiminika kwa kasi inayohitajika. Mtu mzima ambaye tayari ni mvutaji wa sigara, na ambaye ameamua kukitumia kifaa hiki, akiwa anaanza hana budi kuiacha pamba mpya ilowe kwa dakika kadhaa, kisha aanze na ile tarakimu ndogo. Akipanda, apande kwa wati moja moja, naye hana sababu ya kuivuka tarakimu kubwa. Akisikia ladha ya kuungua, kurudi chini hakumsaidii, kwa maana pamba iliyokwisha kuwa mkaa hairudi kuwa pamba. Koili hiyo ni ya kutupwa.

Kuna vifaa vinavyojaribu kupima halijoto badala ya wati. Hutumia waya wa nikeli safi, titani au chuma kisichoshika kutu, ambao ukinzani wake hupanda unapopata moto. Ule wa nikeli huzidi maradufu kutoka nyuzi 20 hadi 220. Nikromu haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu ukinzani wake karibu haubadiliki, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya ipendwe katika pasi na majiko.

Kinachotokea pamba inapokauka

Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi 188, na glaiseroli kwenye nyuzi 290. Maadamu kimiminika kipo, halijoto ya waya haiwezi kupanda mbali sana juu ya viwango hivyo, kama sufuria yenye maji. Kupasha na kugeuza gramu moja ya mchanganyiko huu kuwa mvuke huhitaji zaidi ya jouli 1,000. Mvuto mmoja wa sekunde 3 kwa wati 15 ni jouli 45. Basi kinachogeuka mvuke hakiwezi kuzidi miligramu 45, na kwa kweli ni kidogo kuliko hapo, kwa sababu joto jingine huupasha waya wenyewe na hewa.

Kimiminika kikikosekana, jouli zile zile 45 huishia katika waya na pamba. Ndipo glaiseroli iliyobaki, badala ya kuchemka, huvunjika. Kimojawapo cha vitu vinavyopatikana ni akrolini, ile ile inayowasha macho na koo mtu anapoyasahau mafuta ya kukaangia juu ya moto. Kingine ni fomaldehidi, ambayo walimu wa biolojia huijua kutokana na chupa za kuhifadhia vielelezo, na ambayo inahesabiwa kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, huko Oregon, Marekani, walichapisha vipimo vya kifaa kimoja katika hali mbili. Kwa volti 3.3 hawakuona misombo inayotoa fomaldehidi. Kwa volti 5.0 waliiona kwa wingi. Wataalamu wengine walipinga, wakisema kwamba kwa volti 5.0 kifaa kile kilikuwa kimekauka, na mvuke wake ungekuwa mchungu kiasi kwamba hakuna ambaye angeuvuta. Huenda pande zote mbili zina haki. Lakini mwanafunzi apige hesabu: kutoka 3.3 hadi 5.0 volti zimeongezeka kwa karibu nusu yake, lakini wati zimekuwa mara 2.3. Mtu anayetazama volti peke yake haoni ametoka wapi na amefika wapi.

Wala wati ndogo si kinga. Ukungu wa waya uliowekwa vema bado hubeba nikotini, na chembe za madini kutoka katika waya zimepatikana ndani yake. Zaidi ya hayo, nikotini hufuata wingi wa mvuke. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja ya kimiminika, lakini kikomo hicho hakisemi mtu atageuza mililita ngapi kuwa mvuke. Anayepandisha wati hupandisha dozi, ajue asijue. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku, ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vifaa hivi.

Hapa inafaa kuondoa utata mmoja. Wanafunzi wengi wamesikia habari za ugonjwa wa mapafu uliotokea Marekani kuanzia mwaka 2019, ambao hadi Februari 18, 2020 ulikuwa umewafikisha watu 2,807 hospitalini au kaburini, 68 kati yao wakiwa wamefariki. Chanzo kikubwa kilichotambuliwa hakikuwa wati nyingi. Kilikuwa asetati ya vitamini E, iliyochanganywa katika mafuta ya bangi yaliyouzwa kwa magendo. Vitamini hiyo mtu huila bila madhara. Iliyoingia mapafuni iliua.

Seli iliyo mkononi

Sehemu hii ndiyo ambayo mwandishi angependa walimu waipe muda mwingi zaidi, kwa kuwa inamhusu pia mwanafunzi ambaye hatagusa sigara ya aina yoyote. Seli inayotumika sana huitwa 18650, maana yake ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Imo pia katika tochi zinazochajiwa, katika kompyuta za mkononi za zamani na katika betri za baiskeli za umeme. Betri za lithi ziliingia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa.

Ndani ya seli, ayoni za lithi husafiri kati ya grafiti na oksidi ya metali, zikipita katika kimiminika ambacho, tofauti na asidi ya betri ya gari, huweza kushika moto. Pande mbili hutenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko karatasi. Seli ikipata joto la nyuzi 130 hivi, utando huanza kuyeyuka. Pande mbili zikigusana, joto huongeza mmenyuko, mmenyuko huongeza joto, na seli hutoa gesi na mwali kwa muda wa sekunde.

Tuone jinsi mtu anavyoweza kufika huko kwa kutafuta ukungu mwingi. Tuseme ameweka koili ya omu 0.15 katika kifaa kisicho na sakiti ya kinga. Seli nayo ina ukinzani wake wa ndani. Tuuchukue kuwa omu 0.03. Mkondo ni 4.2 ÷ 0.18 = ampea 23.3. Koili hupata wati 82. Lakini ndani ya seli yenyewe huzalishwa 23.3² × 0.03, yaani wati 16, ambazo hazionekani katika kioo chochote. Hizo zinapita wati 15 tulizokuwa tukizipa koili nzima ya kijana wetu, nazo zimo ndani ya chombo kilichofungwa, mkononi, karibu na uso.

Kila seli ina kikomo cha mkondo. Zipo za ampea 10, zipo za 20, zipo za 30. Na zile zilizotolewa na mafundi kutoka katika betri za kompyuta mara nyingi hazikutengenezwa kwa mikondo mikubwa hata kidogo. Kwa seli ya ampea 20, koili iliyoungwa moja kwa moja haipaswi kuwa chini ya 4.2 ÷ 20 = omu 0.21. Na seli ikiwekwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu, hakuna koili tena. Kuna omu 0.03 za ndani peke yake, na hesabu hutoa ampea 140. Ganda lote la chuma la seli ni upande hasi, hata ule ukingo unaozunguka kitovu cha upande chanya. Kinachozuia sarafu kuunganisha pande mbili ni karatasi ya plastiki iliyolizunguka. Seli iliyochanika karatasi hiyo isitumike.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji seli ya lithi, wala lisifanywe nayo. Mwalimu achukue betri ya risasi na asidi ya volti 6, fyuzi ya ampea 5, na sentimita 13.4 za waya wa nikromu wenye kipenyo cha milimita 0.25, ambao ukinzani wake ni omu 3. Usokotwe katika penseli, kisha penseli itolewe, na mizunguko isigusane. Koili itumbukizwe yote katika gramu 100 za maji ndani ya bika. Mkondo utakuwa karibu ampea 2 na uwezo wati 12. Katika dakika 5 zitaingia jouli 3,600, na maji yanapaswa kupanda kwa 3,600 ÷ (100 × 4.2), yaani karibu nyuzi 8.6. Wanafunzi watapata pungufu kidogo; wajadili kwa nini.

Kisha mwalimu, yeye mwenyewe, akate mkondo, aitoe koili katika maji, aikaushe, ashike waya zake kwa koleo yenye mpini wa kihami, na kurudisha mkondo kwa sekunde chache. Waya uliokuwa hauwezi hata kuyachemsha maji utakuwa mwekundu. Wati ni zile zile 12.

Maswali

1. Koili ya omu 0.5 inatakiwa kutoa wati 32. Inahitaji volti ngapi na ampea ngapi? Seli ikishuka hadi volti 3.2, na sakiti ikipoteza asilimia 10 ya nishati, seli hutoa mkondo gani? Je, seli yenye kikomo cha ampea 10 inafaa?

2. Kipenyo cha waya kimeongezwa maradufu lakini ukinzani na wati ni vile vile. Wati kwa kila milimita ya mraba zimebadilikaje?

3. Seli ina volti 3.6 na ampea-saa 3. Ina jouli ngapi, na ingedumu dakika ngapi kwa wati 40 bila upotevu wowote?

Majibu: (1) Volti 4, ampea 8, seli hutoa ampea 11.1, kwa hiyo haifai, ingawa mwanzoni ilionekana kutosha. (2) Urefu ni mara 4 na eneo la nje mara 8, basi zimekuwa moja ya nane. (3) Jouli 38,880, dakika 16.2.